Bahari Si Pambo la Sebule

Katika baraza letu la waandishi chipukizi, kila nikitaja tangi langu la maji ya bahari, maneno matatu hunirukia kama inzi: Uzungu, anasa, ukatili. Mshairi mmoja mwenzetu alikwenda mbali zaidi. Alisema mbele ya watu kwamba kijana wa Majengo, Mombasa, aliyemaliza kidato cha nne na asiye na kazi ya kudumu, akifuga samaki wa rangi badala ya kuwala, ameshapotea njia. Watu wakacheka. Maneno ya barazani hupeperuka, kwa hivyo namjibu hapa kwa wino, ili naye akitaka kunirudi aandike.

Ninalosema ni hili. Sisi watu wa pwani ya Kenya tumekuwa tukiuza samaki wa mwambani wakiwa hai, miaka na miaka, waende kukaa katika vioo vya Ulaya na Marekani. Lakini elimu ya kuwaweka hai tumewaachia wanunuzi. Tangi dogo la nyumbani likijengwa kwa subira ni darasa la elimu hiyo. Likijengwa kwa pupa ni kaburi la kioo, na hapo mimi mwenyewe nitasimama upande wa wanaonilaumu.

Tuanze na Uzungu, maana ndilo shtaka jepesi. Ni kweli kwamba baadhi ya habari za mwanzo zilizoandikwa zinatoka Uingereza. Mwaka 1846 bibi mmoja, Anna Thynne, mke wa kasisi, aliyachukua matumbawe kutoka Torquay, mji wa pwani, akayapeleka kwake London. Ili maji yapate hewa, mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, siku baada ya siku. Hiyo ndiyo ilikuwa pampu ya hewa, ndugu msomaji: mikono ya kijakazi. Kisha akaja Philip Henry Gosse na kitabu chake cha 1854, neno akwariamu likaenea, na Waingereza wakashikwa na wazimu wa kukusanya viumbe wa ufukweni. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 akisikitika kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimeharibiwa na wakusanyaji waliochochewa na vitabu vya babake mwenyewe. Waandishi wenzangu, tukumbuke hilo. Kalamu ikiandika uzuri wa kitu bila kuandika gharama yake, huweza kukimaliza.

Lakini tangi la mwamba kama linavyojulikana leo, lenye mawe yaliyojaa uhai, halikuanzia London. Mtu mmojawapo anayetajwa kwanza ni Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 alieleza njia yake katika jarida la Marekani: maji halisi ya bahari, mawe yaliyotoka baharini na vijidudu vyake, mwangaza wa kutosha, na mapovu ya hewa. Basi! Wakati huo wafugaji wengi ng'ambo walikuwa wakipamba matangi yao kwa matumbawe makavu yaliyofanywa meupe pe kama mifupa, wakistaajabu kwa nini hakuna kinachodumu. Mtu wa pwani, aliyekaa karibu na bahari kama sisi tunavyokaa, ndiye aliyewaonyesha kwamba uhai huanzia kwenye jiwe. Sasa nani anamwiga nani? Kama kufuga mwamba ni Uzungu, basi na kuandika riwaya ni Uzungu, na hili jarida tulifunge twende zetu.

La pili ni anasa. Hapa siwalaumu sana, kwa sababu tangi la bahari wengi wamelionea ukumbini mwa hoteli, kubwa kama kabati la bi harusi, lina mitambo chungu nzima. Lakini ukubwa ule ni wa kuonyesha fedha. Hebu tuhesabu kinachohitajika kweli.

Kwanza kioo. Fundi wa madirisha anaweza kukuunganishia tangi la lita 80 kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Nasema lita 80 na si 20, kwa sababu wengi hudhani dogo ndilo rahisi. La. Maji machache hupata joto upesi, huchafuka upesi, na chumvi yake hupanda na kushuka. Baharini hali hubadilika polepole, na mnyama wa mwambani ameumbwa kwa utulivu huo.

Pili mawe, na hapa ndipo tulipo na utajiri tusioujali. Angalia nyumba za zamani za Mji wa Kale, tazama kuta zetu za uani: ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, mabaki ya miamba iliyokuwa chini ya bahari maelfu mengi ya miaka iliyopita. Mawe ya jinsi hiyo hiyo ndiyo yaliyochimbwa Bamburi kutengeneza saruji, na sehemu ya machimbo ya zamani leo ni bustani ya Haller. Jiwe hilo lina vitundu kama mkate wa kumimina, na ndani ya vitundu hivyo ndimo bakteria hukaa. Vipande huachwa kama taka. Chagua ambavyo havijaguswa na saruji wala rangi, visugue kwa burashi, viloweke katika maji baridi ukiyabadilisha kwa muda wa wiki mbili. Hapo umepata mwamba bila kubomoa tumbawe lolote baharini. Wenzetu ng'ambo hununua mawe makavu ya namna hii kwa kilo, nasi tunajazia mashimo ya barabara.

Tatu maji. Wanaokaa mbali na bahari hununua chumvi maalumu na kuikoroga. Sisi tuna bahari, lakini si kila maji ya bahari ni mazuri. Usichote kwenye mkono wa bahari karibu na mitaro, wala baada ya mvua za masika, kwani maji ya mito na ya barabara huwa yamechanganyika nayo. Chota maji yanapojaa, upande wa bahari wazi, uyachuje kwa kitambaa safi, na uyaweke gizani ndani ya mtungi uliofunikwa, yatulie. Pima chumvi: gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Na jambo linalowashinda hata wasomi: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo. Hubaki ndani. Kwa hivyo kila siku unaongeza maji baridi safi yaliyochujwa, si ya bahari. Ukiongeza ya bahari, baada ya mwezi umepika brini. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi, hayafai. Na jihadhari na shaba, iwe ya mabomba au ya dawa za samaki. Kiasi kidogo tu huua kamba na konokono.

Nne ni vyombo: pampu ndogo ya kuzungusha maji, taa ya LED yenye mwangaza mweupe na wa buluu, kipimajoto, kipima chumvi, vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, na feni ndogo. Ndiyo, feni. Wafugaji wa nchi za baridi hununua chombo cha kupasha maji joto, sisi shida yetu ni kuyapoza. Mwezi wa Machi chumba changu huwa kama tanuri. Feni ikipuliza juu ya maji, yanakauka na kupoa, joto hushuka kama nyuzi mbili. Nami hulenga nyuzi 26 za Selsiasi. Na kwa kuwa stima yetu mnaijua, nina pampu ya hewa ya betri. Vitu vyote hivi nilivinunua kimoja kimoja kutokana na vibarua, na jumla yake haikufika bei ya simu ya mkononi aliyonayo mshairi aliyeniita mtu wa anasa. Simu yenyewe ataibadilisha mwakani.

La tatu ni ukatili, na hapa, jamani, mzaha uishe.

Jirani yangu mmoja alinunua tangi Ijumaa, akajaza maji Jumamosi, na Jumapili akatia samaki saba. Muuzaji hakumwambia neno isipokuwa bei. Ijumaa iliyofuata samaki sita walikuwa jaani, na paka wa mtaa wakagoma kuwala. Jirani akasema samaki wa bahari ni wagumu kufuga. Si wagumu. Aliwaweka chooni na kuufunga mlango.

Manake, samaki hutoa amonia kwa mapezi-shavu yake na kwa uchafu wake, na amonia ni sumu. Baharini maji ni mengi na vijidudu vya kuisafisha viko tayari. Katika kioo kipya havipo. Yako makundi ya bakteria yanayogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari, na makundi mengine yanayogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Makundi haya huchukua wiki nne hadi sita kushika mawe na mchanga, pengine zaidi. Huwezi kuyaharakisha kwa hasira wala kwa noti. Unatia kipande cha kamba mbichi kioze ndani ya tangi lisilo na samaki, kitoe amonia, na unapima. Amonia hupanda, kisha hushuka. Nitriti hupanda, nayo ikashuka. Zote mbili zikisoma sifuri, ndipo unabadilisha sehemu kubwa ya maji na kumkaribisha mkazi wa kwanza. Mimi nilikaa siku 47 nikitazama mawe. Wageni walikuja wakauliza, "Samaki wako wapi?" Nikawajibu kwamba nyumba bado inajengwa.

Na mkazi wa kwanza si samaki. Ni konokono wala-mwani, kisha kaa wawili wadogo wakaao ndani ya makombe yasiyo yao. Baada ya mwezi mwingine ndipo walipokuja samaki wawili, nao ndio mwisho. Ni Amphiprion allardi, wa kwetu Afrika Mashariki, wa hudhurungi wenye mistari miwili myeupe, wanaokaa kwenye mikono ya anemoni huko baharini. Niliwapata kwa ami yangu, mpiga mbizi mwenye leseni, aliyewashika kwa wavu wa mkono. Anemoni sikuchukua. Hufa upesi katika tangi changa, na samaki hawa huishi vizuri bila yeye. Tumbawe nililonalo ni moja, laini, kipande kilichokatwa kutoka kwenye tangi la rafiki yangu na kuota upya kwangu. Kila wiki nabadilisha sehemu moja kati ya kumi ya maji. Sina zaidi.

Sasa sikiliza kinachofanya damu yangu ichemke. Samaki wa jamii hii katika tangi zuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Akifa wiki ya kwanza, haikupotea bei yake tu, imepotea miaka 10. Na wapo ambao hawafai kuuzwa kwa mtu wa kawaida hata kidogo. Kitatange wa aina nyingi hula nyama ya matumbawe na si kitu kingine. Mweke katika kioo umrushie chakula cha pakiti, atazunguka akiwa mzuri kama khanga ya sikukuu mpaka afe kwa njaa machoni pako. Yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake vimelea, ukimtoa mwambani umewanyima wengi daktari, naye mwenyewe umemnyima chakula. Kuwauza bila kusema haya ndiko ukatili. Huko nyuma Ufilipino walifika hadi kuwapulizia samaki sianidi ili wazubae washikike kwa urahisi, mchezo ulioanza miaka ya 1960, ukaua na matumbawe yaliyo kando. Mnunuzi mwenye pupa ndiye aliyeulipia.

Kwa hivyo sheria zangu ni chache na sizilegezi. Katika hifadhi za bahari, iwe ya Mombasa, Malindi, Watamu au Kisite, usitoe kitu, hata kombe. Matumbawe ya mawe yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mtu akikuuzia pande bichi lililong'olewa, mkatae. Usinunue samaki usiyejua anakula nini. Na ukichoka, usiende kuwamwaga baharini viumbe waliochanganyika na wa mahali pengine. Wamarekani waliona samaki wa miiba ya sumu wa kutoka bahari zetu huku mara ya kwanza huko Florida mwaka 1985, na inaaminika walitoka katika matangi ya watu. Leo wametapakaa Karibi, wakila kila kinachoingia mdomoni.

Mshairi wetu atasema: kama hatari ni nyingi hivi, si afadhali kuacha kabisa? Swali ni la haki. Jibu langu liko katika maisha ya ami yangu. Tangu ujana wake anazama kwa miwani na wavu, anawashika samaki bila kuwakwaruza, wanakaa siku mbili bila kula ili wasichafue maji ya safari, wanatiwa mmoja mmoja ndani ya mfuko wa plastiki wenye oksijeni, wanapangwa katika maboksi, wanapanda ndege. Hapo habari yao humwishia. Hajui huko wanapewa nini, wanadumu miezi mingapi. Siku alipokuja kwangu na kuwaona wale wawili wakitaga mayai chini ya jiwe la machimbo, dume akiyapepea kwa mapezi, alikaa kwenye kigoda saa nzima. Kisha akaniuliza, "Kumbe hawa wanaweza kuzaa ndani ya kioo?" Wanaweza, ami. Jamii yao imekuwa ikizalishwa katika vioo vya ng'ambo kwa miongo kadhaa, na wanauzwa huko bila mtu kulowa. Siku mnunuzi atakapoamua kwamba hahitaji tena samaki wa kutoka mwambani, mpiga mbizi wetu atabaki na nini kama hakufundishwa kuzalisha? Wavu na miwani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si maneno ya barazani.

Na liko jingine. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipopanda, matumbawe ya Bahari ya Hindi upande wetu yalibadilika rangi yakawa meupe, na sehemu nyingi za pwani hii yalikufa mengi. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo tena katika msiba kama huo, wa nne kwa ukubwa wa ulimwengu mzima. Tumbawe ni mnyama aliyewapangisha mwani wadogo ndani ya mwili wake. Wao wanampikia chakula kwa mwangaza, yeye anawapa makazi. Joto likizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja tu, likakaa hivyo majuma kadhaa, anawafukuza, na asipowarudisha upesi anakufa kwa njaa. Nyuzi moja! Ukimwambia mtu wa mtaani atakucheka, kwa sababu ngozi yake haihisi nyuzi moja. Mwenye tangi hacheki. Ameshaamka usiku feni iliponyamaza, akaona tumbawe lake limejikunja kama kiganja cha mzee.

Sasa nawageukia nyinyi mliozoea kusoma kurasa hizi na kuziandika. Nimesoma hadithi zetu na mashairi yetu, nimehesabu mawimbi ya mapenzi, bahari ya machozi, kina cha huzuni. Bahari tumeigeuza pambo la sebule ya fasihi, kama wenye hoteli walivyoigeuza pambo la ukumbi. Nani kati yetu ameandika kwamba samaki wangu hawa huanza maisha wote wakiwa madume, na aliye mkubwa hugeuka jike, na jike akifa mumewe huchukua nafasi yake kwa kugeuka jike yeye mwenyewe? Riwaya nzima imelala hapo, tena mita 300 kutoka kituo cha matatu. Mimi naandika riwaya ya mpiga mbizi, mwaka wa tatu huu, na kila ukurasa nilioudhani umekwisha, tangi limenifundisha kuuandika upya, kwa sababu sasa najua maji aliyozama yana nini ndani.

Simshurutishi mtu kufuga. Asiye na wiki sita za kutazama mawe matupu aache, na asione haya kuacha, ni heshima kwa samaki. Lakini mwenye subira na aanze, na aanze mwezi huu wa kusi, joto lingali dogo: atafute mawe ya machimbo leo, ayaloweke, achote maji bamvua ijayo. Na nyinyi mnaosafirisha samaki wetu, wapeni wapiga mbizi hata kona moja ya mahodhi yenu wajifunze kuzalisha. Shule za pwani nazo zina madirisha mengi yaliyovunjika na mafundi wa vioo hawako mbali. Mtoto wa Likoni asiyejua kuogelea ana haki ya kuuona mwamba wa kwao ukipumua kabla hajaambiwa kwamba umekufa.